Dereva wa Gari Lisilochemka

Dereva wetu hakuamini kwamba kuna baridi. Alikubali kuwa kuna mvua, kuna umande, kuna upepo wa Juni unaopita juu ya mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa na kumwingia mtu hadi kwenye meno. Lakini baridi yenyewe aliiona ni mambo ya Wazungu, kama kula jibini. Akikukuta asubuhi umejifunga kanga mbili mabegani anakuuliza kama unaumwa. Ukimjibu kuwa unasikia baridi, anakuambia unasikia njaa, kisha anatia mkono mfukoni na kukupa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo alivitafuna njia nzima.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika zahanati moja ya misheni upande wa Ushirombo, mimi mkunga, yeye mwendeshaji wa gari pekee tulilokuwa nalo. Jina lake nalijua na watoto wake nawajua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita vingine ila Dereva. Hata mkewe alimwita hivyo, kwa hasira na kwa mapenzi, na ilibidi usikilize sauti ndipo ujue siku hiyo ni lipi kati ya hayo mawili. Mimi uso kwa uso nilimwita Baba, kwa heshima, lakini hapa nami nitamwita Dereva.

Alikuwa na kofia ya pama ya rangi ya udongo, ambayo hakuivua ofisini kwa padri wala mezani kwake. Kanisani hakuivua kwa sababu hakuingia. Kila Jumapili alimfikisha padri hadi mlangoni mwa kigango, kisha akabaki ndani ya gari akifuata misa kupitia dirishani, na nyimbo alizijua kuliko wanakwaya. Lakini mtu huyo huyo hakuwasha gari la safari ndefu mpaka mmoja wetu asali. Akikosa wa kusali alinigeukia mimi. Siku moja nilisali haraka haraka kwa kuwa mgonjwa alikuwa akingoja, nikasema amina, yeye akatulia tu na usukani wake.

"Sista," akasema, "sala hiyo itatufikisha Kahama. Sisi tunakwenda Shinyanga."

Nikaongeza.

Ng'ombe aliwaheshimu kuliko viongozi. Kundi likikatiza barabara alizima injini, akashuka, akamsalimia mchungaji hata kama ni mtoto mdogo, akauliza habari za majani na maji, na hakupiga honi kamwe. Honi aliiweka kwa ajili ya binadamu. Alikwisha kumpigia mkuu mmoja wa misheni aliyekuwa amesimama katikati ya njia akisoma sala zake, na alipoitwa kujieleza alisema kuwa ng'ombe hajui gari ni nini, lakini mkuu anajua.

Damu ilimshinda. Mtu aliyeweza kuvuka mto uliofurika huku akiimba, ukimwambia mama amekaribia kujifungua garini alisimamisha gari, akatembea hadi nyuma kabisa, akageuka na kuangalia tulikotoka. Hapo alibaki akipiga mluzi mpaka asikie sauti ya mtoto. Akishaisikia alirudi akitabasamu, akauliza ni dume au jike, kisha akatoa ushauri wa jina. Hakuna mama hata mmoja aliyeufuata.

Sauti yake ya kufika ilikuwa ya funguo. Zilikuwa nyingi, zote kwenye waya mmoja, na katikati yake kilining'inia kidude cha shaba, duara kama kifuniko cha chupa kubwa, chenye mguu mfupi chini. Kikigonga funguo kililia kama kengele ndogo, na wagonjwa waliokaa barazani walijua kwamba Dereva anakuja kabla hajatokea kwenye kona. Kidude hicho kilikuwa thamostati ya gari letu, na habari yake aliisimulia kwa yeyote aliyekuwa na muda na kwa wengi wasiokuwa nao.

Gari lilipoletwa likiwa jipya kutoka ng'ambo, siku ile ile alifungua boneti na kuing'oa. Alieleza kuwa kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kwamba aliyeitengeneza anaishi kwenye barafu. Injini ya Shinyanga, alisema, inaamka na moto wake. Wala hakuwa peke yake; madereva wengi wa kwetu waliing'oa thamostati kama mtu anavyobandua karatasi ya dukani kwenye shati jipya. Wenzake walizitupa. Yeye hakutupa kitu, hata msumari uliopinda, ndiyo maana akaifunga kwenye funguo.

Matokeo yake yalikuwa fahari ya maisha yake. Kwenye dashibodi mshale wa joto ulilala chini kabisa, na haukuinuka hata saa nane mchana kwenye vumbi la Isaka. Aliugonga kwa kidole na kuniambia, "Umelala kama mtoto aliyenyonya akashiba." Kwa jambo hilo alijulikana barabara nzima: Dereva wa gari lisilochemka.

Waliomjua zaidi ni madereva wa malori ya pamba. Malori yao yalikuwa makuukuu, yamejazwa marobota hadi juu, na msimu wa pamba hukosi kulikuta moja limesimama kando ya njia, boneti juu, mvuke unapanda. Hapo Dereva alipunguza mwendo kusudi. Alisimama, akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mifugo, halafu kama aliyekumbuka tu akauliza, kwani kuna nini, mnapika? Akishamaliza kuwachokoza alishusha debe la maji, maana sikuzote alibeba maji mengi kwa ajili yao, na akawajazia rejeta kwa mkono wake. Hawakujua wamchukie au wamshukuru. Mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimwambia iko siku na yeye atachemka. Dereva akagusa kofia yake na kuapa mbele ya wote kwamba siku gari lake litakapochemka, wa kwanza kuliona atachukua kofia hii.

Ahadi hiyo ilifika Shinyanga kabla yetu. Tukipita stendi tuliulizwa habari za kofia kama watu wanavyouliza habari za mtoto.

Sasa hita. Chini ya dashibodi kulikuwa na tundu la hewa lenye kifuniko cha bati, na pembeni yake kitufe cha kuwasha feni. Aliyelitengeneza gari alikusudia tundu hilo lipulize joto, lakini letu lilipuliza baridi, nasi tulilipenda kwa sababu hiyo. Mchana wa jua kali Dereva aliwasha feni, akavua viatu, akaipa miguu hewa. Padri alipenda kukaa mbele ili apate sehemu yake. Kote nchini, alisema Dereva, watu wananunua hita inayopuliza moto, sisi tumepewa inayopuliza baridi, na bado wapo wasioshukuru. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeona hiyo ni hitilafu.

Kisha kilikuja kipupwe kimoja ambacho sipendi kukieleza kwa urefu. Mama mmoja alijifungua njiti kwetu, mvulana aliyezaliwa kabla ya miezi yake, na zahanati haikuwa na namna ya kumweka. Tulimfunga kwa pamba safi, tukampanga chupa za maji moto kila upande, tukaondoka alfajiri kwenda hospitali ya mkoa. Upepo uliingia kwenye kila mwanya wa lile gari. Chupa zilipoa kabla hatujafika Kahama, na mtoto naye akapoa. Nilipomwambia Dereva asimamishe, hakwenda nyuma ya gari safari hii. Alifungua mlango wetu, akamgusa mtoto shavuni kwa nyuma ya kidole, kisha akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, na sikujua kuwa alikuwa mzee kiasi kile.

"Huyu alisikia baridi, Sista," akasema.

Tangu siku hiyo ilikuwa hita tu. Aliapa kwamba mtoto mwingine hatapoa ndani ya gari lake, na nilimwamini, kwa kuwa nilikuwa nimeapa hivyo hivyo moyoni. Alianza na koki ya maji nyuma ya injini, aliyokuwa ameifunga mwenyewe ili hewa ya miguu iwe baridi zaidi. Aliifungua, hita ikapuliza baridi. Alichomoa mipira yote miwili na kusukuma maji ndani, yakatoka matope ya malambo yote tuliyowahi kuchota njiani. Akairudisha ikiwa safi, ikapuliza baridi. Mtu alimwambia huenda kuna hewa imenasa kwenye mabomba, basi akaliegesha gari kwenye mwinuko, pua juu, likakaa hivyo mchana kutwa na kuku wakapumzika chini yake. Hita ikapuliza baridi ya usafi kabisa.

Kila alipomaliza jaribio alituita. Mpishi, mlinzi, padri, mama waliokuja kliniki, wote tulipanga foleni kwenye mlango wa gari. "Weka mkono hapa," alimwambia kila mmoja, na kila mmoja aliweka mkono mbele ya lile tundu, akasubiri kwa adabu, akasema, "Bado." Ilifika mahali watoto wa kijiji wakikutana njiani walisalimiana hivyo, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anasema bado.

Tulipopeleka wagonjwa Shinyanga alikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kambarage aliyemheshimu. Fundi alicheka mpaka akakaa. Alisema magari yote yanayoletwa kwake anaziba mabomba ya hita kabla hajaulizwa, na huyu anataka kuzibua. Anataka kuchoma kuku humo ndani? Dereva alifunga boneti. Alirudi garini, akawasha feni, akaweka mkono wake mwenyewe.

Ndipo akaja mama yake Limi. Wakati huo alikuwa bado hajawa mama wa mtu. Alikuwa amepoteza mimba mbili, na ya tatu ikaja kabla ya wakati, mwezi wa Julai, asubuhi ya umande mzito. Mtoto wa kike, mdogo wa kutosha kulala juu ya mkono wangu mmoja. Alilia, jambo lililonipa moyo, lakini hakuweza kunyonya, na miguu yake ilianza kupoa mikononi mwangu. Bibi yake, mama mzaa mama, alikuwa amekaa kwenye benchi akiniangalia usoni, maana alikuwa ameshajifunza mara mbili kusoma nyuso za wakunga.

Nilimwambia mama amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nikawafunga pamoja kwa mablanketi, nikatoka nje. Dereva alikuwa tayari ameliwasha gari muda mrefu. Nilikaa kiti cha mbele na kuweka mkono kwenye tundu. Hewa iliyotoka ilikuwa ya asubuhi ile ile tuliyokuwa tumesimama ndani yake. Sikuwa na moyo wa kusema bado. Nikabaki naangalia dashibodi, na mshale wa joto umelala pale pale unapolala siku zote.

Mimi si mtu wa magari. Nilichojua ni wagonjwa, na mgonjwa ambaye joto lake halipandi hata umfanye nini, huyo ana baridi ndani. Nikamuuliza, "Baba, kama injini yenyewe haipati moto, hilo joto la kutupulizia litatoka wapi?"

Dereva aliutazama mshale wake, ule aliousifia barabara nzima, kisha akatazama chini kwenye usukani, mahali funguo zilipokuwa zikitikisika pamoja na injini na kile kidude cha shaba kikilia kengele yake.

Alizima gari. Alivitenga funguo na kidude kwa meno, hakungoja koleo. Kisha akaingia zahanati, chumba cha sindano, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga kwa kuogopa damu, na kabla sijamfikia alikuwa ameitumbukiza thamostati kwenye sufuria yangu ya kuchemshia sindano. Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo mkunga wa misheni hapaswi kuyajua. Akaniambia nitulie nitazame. Tuliinama wote wawili juu ya mvuke, na katikati ya sindano zangu kile kidude, baada ya miaka yote ya kuning'inia, kilifumbua mdomo polepole.

"Mzima," akasema Dereva, na macho yake yalikuwa na maji. Huenda ni mvuke.

Alifanya kazi kwa haraka. Alimwaga maji ya injini, akafungua bomba la juu, akairudisha thamostati mahali alipoing'oa siku ya kwanza. Gasketi ya kuzuia maji yasivuje aliikata kwa mkasi wangu kutoka kwenye boksi la bandeji, akaipaka grisi. Aliwasha gari, akasimama ameshika boneti. Mshale ulitikisika. Ukaanza kuinuka, kidogo kidogo, ukapita mahali ambapo hakuna aliyewahi kuuona, na sisi wafanyakazi wa zahanati tulioujua uvivu wake tukasongamana dirishani kuutazama. Niliweka mkono kwenye tundu. Hewa ilikuwa baridi, halafu haikuwa baridi, halafu ilikuwa kama pumzi ya mtu, halafu ikawa moto.

Safari ile sitaisahau kwa jasho. Vioo vyote vimefungwa, hita imefunguliwa hadi mwisho, nyuma tumekaa mama na mtoto kifuani, bibi, na mimi nikiwa na kidole changu kwenye mguu wa mtoto. Kahama tuliifikia jua limeshapanda na blauzi yangu imenilowa mwilini. Bibi alivumilia kwa heshima, kisha akauliza kwa Kisukuma kama ugonjwa wa mjukuu wake unatibiwa kwa kuupika ukoo mzima. Dereva alicheka huku akijifuta uso kwa kitambaa. Mguu wa mtoto ulikuwa na joto. Nilimwambia hivyo kila aliponiuliza, na aliniuliza kwenye kila shimo.

Tulipoikaribia Isaka mshale ulipanda mahali pa hatari. Rejeta ilikuwa imejaa matope miaka mingi, na bila thamostati hakuna aliyejua. Mvuke ulitoka kwanza kama uzi, halafu ukaficha barabara. Dereva akasogeza gari pembeni, akashuka, na bila kufikiri akavua kofia, akaikunja, akaishikia kifuniko cha rejeta kilichokuwa cha moto. Maji ya kutu yaliruka na kuinywesha kofia yote. Alikuwa katika hali hiyo, kichwa wazi, mvuke umemzunguka, lori la pamba lilipopunguza mwendo nyuma yetu. Nilimtambua dereva kabla hajashuka, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Yule mtu mnene alikuja taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea kitu chake. Alitusalimia wote. Akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mifugo. Akaliangalia gari. Akauliza, "Kwani kuna nini, mnapika?"

"Tunapika," Dereva akajibu, na akampa kofia.

Yule mtu aliipokea ikichuruzika maji mekundu. Kisha akasogea dirishani apate kuona abiria watakaoshuhudia ushindi wake, akamwona mama, na chini ya kidevu cha mama kichwa cha mtoto, na sisi sote tulivyolowa jasho kwenye joto lile. Alimtazama Dereva. Alikwenda kwenye lori lake, akaleta maji, akasubiri nasi mpaka injini ipoe, akaijaza rejeta kwa mkono wake, na akatufuata nyuma hadi tulipoyaona mapaa ya Shinyanga. Msimu ule wote wa pamba lori moja lilipita barabara ya Kahama na kofia ya pama imefungwa kwa waya mbele yake, na Dereva kila alipokutana nalo alilipigia honi ya heshima.

Hospitalini nesi aliyempokea mtoto alimshika mguu, akaniambia, "Huyu mbona wa moto?" Nikakaa chini kwenye korido nikalia mbele za watu. Bibi yake alimfuata Dereva nje, akampigia magoti na kusema wabeja, asante, mara nyingi, na yeye hakujua aiweke wapi mikono yake. Jina la Limi, ambalo kwetu ni jua, alilitoa Dereva. Ndio ushauri wake pekee uliowahi kufuatwa.

Miaka ilipita. Dereva alistaafu misheni, na nikasikia kuwa yuko Geita, amepata pikapu kuukuu na anabeba wachimbaji wa dhahabu kuwapeleka mashimoni. Nilikuwa nimehamishiwa huko huko, na mchana mmoja natoka Kalangalala kwa miguu nikaona mvuke kando ya njia. Vijana waliovaa vumbi tupu walikuwa wamekaa nyuma ya pikapu na sururu zao, wakimcheka mzee aliyesimama mbele ya boneti, kichwa wazi juani. Tangu Isaka hakuwahi kununua kofia nyingine.

Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba kwa furaha iliyowanyamazisha vijana, na hata hakuuliza habari zangu.

"Limi?" akauliza.

Nikamwambia Limi ameolewa, na kwamba mwezi uliopita nilimzalisha mwenyewe, mtoto mkubwa, mnono, aliyetimiza siku zake zote. Alitikisa kichwa taratibu, akageuka upande, akaangalia mbali kwa muda, kama alivyozoea kusimama nyuma ya gari. Kijana mmoja akanilalamikia: huyu mzee, mama, gari lake linachemka kila siku, tumemwambia aing'oe thamostati kama wenzake, hataki. Hapa Geita nani anasikia baridi?

Dereva alifungua mlango wa pikapu, akageuza ufunguo, feni ikaanza kuunguruma chini ya dashibodi. Akanishika kiwiko na kunisogeza.

"Weka mkono hapa, Sista."

Jua lilikuwa la utosini, rejeta ilikuwa inatokota, na vijana walikuwa wameanza kucheka tena. Niliweka mkono wangu kwenye tundu, nikauacha hapo.

"Bado?" akauliza.

"Ya moto, Baba," nikamwambia. "Ya moto kabisa."